Hakusema Hivyo

3 Machi

Baba, shikamoo.

Nimeanza na shikamoo kwa sababu mama alinilea vizuri, lakini ujue naandika nikiwa nimefura. Jana amenijia mgeni hapa hosteli: mke wa Msumari, yule mwenzako wa kiwandani. Alikaa kitandani kwangu, mtoto mgongoni, akasema, "Mwanasheria wetu, tumekuja kwako." Nikageuka nyuma nione ni nani kaingia.

Baba, mimi nasoma lugha za kigeni. Huu ni mwaka wa tatu. Kiitaliano ndiyo lugha yangu kuu, Kifaransa ya pili. Ulinisindikiza mwenyewe siku ya kwanza, begi langu kichwani kwako, ukasoma kwa sauti kibao cha mlangoni: Idara ya Lugha za Kigeni. Sasa kumbe mtaa mzima umeutangazia kwamba nasoma sheria! Tangu lini? Na kama ningerudi na digrii yangu ya Kiitaliano ungewaambia nini, kwamba nimeiokota njiani?

Na huyo mama kaniambia habari ambayo wewe hukuniambia. Mashine ya kushindilia vigae imemkata Msumari vidole vya mkono wa kulia. Kiwanda kinasema ni uzembe wake. Watamsikiliza kikaoni mara moja tu, halafu watamfukuza bila fidia. Ananiomba nikasimame naye. Nisimame kama nani, baba?

Nilishindwa kumwambia ukweli. Alikuwa analia. Kwa hiyo muda wote aliokaa pale nilikuwa mwongo wa pili katika ukoo, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Niandikie. Usipige simu. Ukipiga utaniita "mama yangu" na kunichekesha, halafu hasira zitaniisha, na safari hii sitaki ziishe.

Mwanao,
Kitindamimba


6 Machi

Kwako Kitindamimba,

Marahaba. Dereva wa basi la vifurushi amenipa barua yako getini, nikaisoma nimesimama. Unanifokea kwa mwandiko mzuri sana. Shule haikupotea bure.

Sasa na mimi nisikilize. Ulipoanza chuo, wenzangu wa tanurini waliniuliza mwanao anasoma nini, nikasema lugha. Mmoja akasema, "Lugha? Kwani alikuwa hana?" Mwingine akasema, "Miaka minne ya kujifunza habari za asubuhi!" Msimamizi wa zamu, yule mwenye tumbo la kutangulia, akasema, "Basi hata kasuku apewe digrii." Wakacheka mpaka chai ikawatoka puani. Unadhani nilikuwa nimechekwa mimi? Ulichekwa wewe, na wewe hukuwepo kujitetea. Nikasema, "Natania. Anasoma sheria." Tangu siku ile hakuna aliyenicheka. Hayo ndiyo makosa yangu, ukitaka nichape.

Lakini habari ya Msumari si ya utani. Mimi niko naye zamu moja. Ile mashine ina kinga, mlango wa chuma unaozuia mkono usiingie wakati inashuka. Kinga ikiwepo, kazi inakwenda polepole. Msimamizi akaamuru itolewe. Sote tunajua, na sote tulikaa kimya kwa sababu mkono haukuwa wetu. Meneja ni Mwitaliano, Kiswahili hajui hata cha salamu. Kila neno linapita kwa mkalimani, na mkalimani ni shemeji wa msimamizi. Sasa niambie, maji yakipita kwenye mfereji huo yatafika safi?

Kikao ni Alhamisi. Njoo ukae tu pale, uvae vizuri. Wakiona mwanasheria wataogopa.

Baba yako, ambaye hataomba radhi kabla ya Alhamisi


8 Machi

Baba, shikamoo.

Nitakuja, lakini si kama mwanasheria. Mtu yeyote akiniuliza, nitasema ninachosoma. Kama utaona haya, ukae kiti cha nyuma.

Kitindamimba


14 Machi

Mwanangu,

Umeondoka kama mtu anayekimbia moto, hata chai ya mama yako hukuimaliza. Najua ulikuwa na mtihani. Lakini umeniacha na kitendawili.

Nilikaa kiti cha nyuma kama ulivyoniamuru. Niliona kila kitu na sikuelewa kitu. Msumari alisema, mkono wake umefungwa kama mtoto mchanga. Mkalimani naye akasema. Mara wewe ukaruka juu kama umekalia siafu, ukamwaga maneno. Meneja akawa mwekundu, shingo mpaka masikio. Mkalimani akakuuliza kwa Kiswahili, "Wewe binti ni nani hasa?" Nawe, badala ya kumtazama yeye, ukanitazama mimi! Ukasema, "Mimi si mwanasheria. Ni mwanafunzi wa Kiitaliano." Nilitamani sakafu ipasuke initie ndani.

Sakafu haikupasuka, na wala hakuna aliyecheka. Baada ya kikao kufungwa, wenzangu wa tanurini wamekuwa wakinifuata mmoja mmoja: "Mwanao kawaambia nini wale, hata wakasimamisha kikao?" Sijui nijibu nini. Nimekuwa kama baba wa mwimbaji asiyesikia muziki.

Niambie neno kwa neno. Usinirahisishie.

Baba yako


17 Machi

Baba, shikamoo.

Neno kwa neno, haya.

Msumari alisema, na ulimsikia mwenyewe: "Kinga ilikuwa imeondolewa tangu asubuhi. Nikauliza, nikaambiwa piga kazi." Mkalimani akamgeukia meneja na kusema kwa Kiitaliano kizuri, Kiitaliano cha kuonewa wivu: "Anasema aliiondoa kinga asubuhi, ili amalize kazi mapema."

Umeona alichofanya? Msumari hakumtaja aliyeiondoa. Mkalimani akamtafutia mtu: akamchukua Msumari mwenyewe, akamtumbukiza ndani ya sentensi, akafunga mlango. Na hakukosea, baba. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, wale ninaowasaidia jioni, wakikosea nawaelewa. Mtu mwenye matamshi kama yale hakosei kitenzi cha namna ile. Alikichagua.

Nikasimama. Nikasema kwa Kiitaliano, "Samahani, hakusema hivyo." Nikarudia maneno ya Msumari kama alivyoyasema. Meneja akauliza, "Ni nani aliyemwambia apige kazi?" Swali zuri, swali lenyewe hasa! Mkalimani akamgeukia Msumari: "Meneja anauliza kama una la kuongeza." Msumari wa watu akatikisa kichwa, hana la kuongeza. Nikasema tena, "Hakuuliza hivyo!" Hapo ndipo nilipopaza sauti, na kwa hasira nikakosea hata sarufi, maana Kiitaliano kina maneno ya kiume na ya kike, nami nikaliozesha neno moja kwa jinsia isiyo yake. Mwalimu wetu wa sarufi angenikata alama. Lakini meneja alielewa. Alimtazama mkalimani, kisha akasema kikao kimesimama, kitarudiwa mbele ya afisa wa Ofisi ya Kazi.

Sasa nikuambie kilichonikosesha usingizi. Huyo mkalimani amesoma idara yetu. Picha yake iko ukutani kwenye korido, chini yake imeandikwa "Mhitimu Bora". Miaka yote hii nimepita mbele ya picha ile nikitamani niwe yeye. Leo nimepita nikiwa nimeangalia upande wa pili.

Waambie wenzako hivyo. Kasuku angerudia tu aliyoyasikia. Heri angekuwa kasuku!

Kitindamimba


25 Machi

Mwanangu,

Barua yako nimewasomea wakati wa chai. Hakuna aliyekunywa. Mmoja wao, ambaye kwa kawaida hawezi kunyamaza hata akiwa na jiwe mdomoni, alisema tu, "Kwa hiyo siku zote tukisema, hatujui tumesema nini." Tangu hapo kila mtu anakumbuka kikao chake cha zamani na kujiuliza.

Kikao cha pili ni tarehe 12 Aprili. Huna haja ya kuja, una masomo. Kazini salama, tanuri linawaka, mimi mzima.

Baba yako

Mwanangu, ni mimi mama yako. Baba yako ameweka kalamu akaenda kuoga. Si salama. Siku mbili baada ya kikao walimtoa tanurini, wakampeleka uwanja wa nyuma kupakia maboksi ya vigae kwenye malori. Mgongo wake unaujua. Jana nimemvua viatu mimi, kuinama hawezi. Amenikataza nisikwambie. Sijakwambia, nimeandika.


30 Machi

Baba, shikamoo.

Nafurahi kwamba kazini ni salama.

Huku Mkuu wa Idara ameniita. Kiwanda kimelalamika: mwanafunzi wetu ameingilia kikao, amemdhalilisha mkalimani. Kila mwaka kiwanda hicho huchukua wanafunzi wetu kwa mafunzo ya vitendo, na bila mafunzo hayo hakuna kuhitimu. Sasa wanatishia kufunga mlango. Anataka niandike barua ya radhi, niseme nilisikia vibaya kwa sababu Kiitaliano changu bado ni kichanga.

Nikamwambia, "Lakini sikusikia vibaya."

Akasema, "Mkalimani ni bomba. Maji yanapita. Bomba halina maoni."

"Na bomba likitia sumu?"

"Wewe binti, ulikuja kusoma lugha au kuhukumu watu?"

Baba, nimesoma miaka mitatu. Nimekariri vitenzi mpaka navitamka usingizini. Hakuna siku hata moja, darasa hata moja, mtu aliyetuambia kwamba siku moja neno tutakalolishika mkononi litakuwa mkate wa mtu. Tunafundishwa kuagiza kahawa! Tunafundishwa kueleza rangi za majira ya mwaka! Na atakayekuja kutetea sentensi ya Msumari anaambiwa hana adabu.

Nimekataa. Usijali, huku salama.

Kitindamimba


4 Aprili

Mama, shikamoo.

Hii ni yako peke yako. Nimeisaini ile barua ya radhi. Mkuu wa Idara ameahidi atazungumza na kiwanda, baba arudishwe tanurini. Nilipokuwa nasaini nilimwona baba akilini, ameketi kwenye ngazi, viatu miguuni, hawezi kuinama. Basi.

Usimwambie. Na usiandike pia.

Mwanao


13 Aprili

Kwako mwanafunzi wa Kiitaliano,

Jana nilikuwepo. Afisa wa kazi alikaa katikati, meneja kulia, mkalimani kushoto na tai mpya. Msumari akaeleza tena. Kabla hajamaliza, mkalimani akatoa karatasi akaisoma kwa Kiswahili, polepole, ili wote tusikie: barua yako. Umesema ulisikia vibaya. Umesema Kiitaliano chako ni kichanga. Umeomba radhi kwa kumvunjia mtu heshima. Halafu akaikunja akasema, "Hata binti mwenyewe amekiri."

Msumari alitazama mkono wake. Mkewe alinitazama mimi.

Nilidanganya kuhusu sheria, sawa. Uongo wangu ulimkata nani kidole? Wewe ulisimama mbele ya watu ukanivua nguo kwa ajili ya ukweli, nikajiambia sawa, aibu yangu imezaa kitu. Sasa umekwenda kuuza ukweli uleule, na aliyelipa ni Msumari. Kama uliogopa, ungebaki chuoni tangu mwanzo ukaniacha na mwanasheria wangu wa kubuni. Yule angalau hakuwahi kusaini chochote.

Afisa ameahirisha mpaka tarehe 27, ndipo atoe uamuzi. Mimi sina zaidi.

Baba yako


15 Aprili

Baba, shikamoo.

Kazini salama, tanuri linawaka, wewe mzima. Uliandika wewe mwenyewe. Nami nikajua uko uwanja wa nyuma unabeba maboksi, mgongo umekufa. Usimwulize mama, mama hakusema. Nilisaini ili urudi tanurini. Niliambiwa barua itakaa kwenye faili la idara, itulize watu tu. Hakuna aliyeniambia itasomwa mbele ya Msumari.

Mimi nilikuficha, na wewe ulinificha, kila mmoja akidhani anambebea mwenzake mzigo. Na mzigo wenyewe tukamtwika mtu mwenye mkono mmoja mzima.

Hasira yako ni ya haki, nimeipokea. Lakini ya kwangu sasa ni kubwa kuliko yako. Nimerudi kwa Mkuu wa Idara bila kubisha hodi. Nimemwambia naifuta barua ile, na nitasema hivyo mbele ya afisa wa kazi. Akasema, "Basi mafunzo ya vitendo huna. Wenzako watahitimu, wewe utabaki." Nikasema sawa. Sauti yangu haikuwa sawa, lakini neno lilitoka.

Nilipotoka nilimkuta mwalimu wetu wa sarufi kwenye korido. Ofisi ya Kazi imeiandikia idara ikiomba mkalimani asiye wa kiwanda, na kila mwalimu amepata udhuru. Yeye hana. Atakuja mwenyewe. Aliniambia jambo moja tu: "Siku hiyo ukikosea jinsia ya neno, nitakusahihisha mbele ya watu."

Tutaonana tarehe 27. Usinyanyue boksi siku hiyo.

Kitindamimba


2 Mei

Mwanangu,

Tangu uondoke nimejaribu kuandika nikashindwa, kila nikianza napandwa na hasira upya. Afisa alikusikia ukiifuta barua yako, na sasa uamuzi wake wa maandishi umetoka. Msumari ameshinda. Kiwanda kitamlipa fidia na hakitamfukuza. Wamempa kazi ya getini. Msimamizi wa zamu ameondolewa, tumbo lake limetangulia kutoka. Kinga imerudishwa kwenye mashine.

Lakini hebu sikia. Mkalimani hajaguswa. Wamemhamishia ofisi ya manunuzi, kapewa kiti kinachozunguka. Na meneja hajamwambia Msumari pole, kwa lugha yoyote. Kila asubuhi anapita getini mbele yake, dirisha la gari limefungwa. Mimi bado niko uwanja wa nyuma. Na wewe unarudia mwaka! Nimemuuliza mama yako, huu ndio ushindi? Akasema, "Kula kwanza." Nimemnunia siku mbili, lakini hakugundua.

Ila kuna jambo. Jana wafanyakazi wote wa zamu zetu wamepeleka ombi: kuanzia sasa, hakuna mtu atakayesikilizwa bila mkalimani aliyemchagua mwenyewe. Wameapa kwamba bila hilo hakuna atakayefungua mdomo kikaoni. Meneja amekubali. Wazo lilikuwa la yule yule aliyeuliza kwani lugha ulikuwa huna.

Wakati yule mwalimu wako anazungumza nilimsikiliza sana. Sikuelewa hata neno moja, lakini nilitazama uso wa Msumari anaposema na uso wa meneja anaposikia. Kwa mara ya kwanza nyuso zilikuwa zinafuatana. Nikasema moyoni, kumbe kazi yenyewe ndiyo hii.

Msumari ana barua yake humu ndani. Hakutaka nimwandikie.

Baba yako


2 Mei

Mdogo wangu,

Naandika kwa kushoto. Vumilia mwandiko. Mke wangu alitaka anisaidie, nikamkatalia. Watu wamenisemea vya kutosha.

Barua ile ya radhi baba yako kanieleza. Ningekuwa wewe ningesaini pia. Hayo tumeyamaliza.

Sasa hasira yangu. Watu wananiambia nishukuru. Nashukuru. Lakini yule bwana anapita hapa kila asubuhi na ananitazama kama mtu aliyejikata mwenyewe. Karatasi ya uamuzi ameisaini, sijui kama ameisoma. Pole yake siitaki tena. Nataka nimwambie mimi, kwa mdomo wangu, kwa lugha yake, bila mtu katikati. Maneno machache tu: Siyo mimi niliyeiondoa.

Niandikie hayo kwa Kiitaliano. Yaandike jinsi yanavyotamkwa. Nitayasema kila siku mpaka ashushe kioo.

Kaka yako,
Msumari


5 Mei

Kaka Msumari, shikamoo.

Nimeyaandika yanavyotamkwa, si wanavyoyaandika Waitaliano. Yasome kama Kiswahili, kila herufi itamkwe:

*Non lo tolta io.*

Hilo neno la mwisho, *io*, ndilo "mimi". Waitaliano wangeweza kuliacha. Wakiliweka mwisho namna hiyo, maana yake ni: mtafute mwingine. Kwa hiyo usilimeze. Sema mengine kwa kawaida, halafu hapo simama na ukaze sauti.

Mdogo wako